Penseli

Bwana Karmali alipenyeza kioo cha daktari wa meno
kwenye tundu lililojipinda kama mkia wa kinyonga,
akawasha tochi, akashusha pumzi.
Chini ya vumbi, karatasi:
jina la mji ambao baba hakuwahi kuutamka,
na mwaka unaoanza na moja, kisha saba.
"Kama ni kweli," alisema, akanyamaza.
Kisha akataja bei, na bei ilikuwa nyumba.
Ghorofa ya tatu, Upanga, yenye upepo.

Usiku ule nilihesabu. Sifichi.
Kodi ya miezi minne, ada ya Nuru,
bati la uani linalovuja.
Nikaitazama fidla juu ya kabati
kama watu wanavyomtazama mgonjwa mwenye mali.

Ndiyo hii aliyoipiga Athumani Ngwere
kwenye harusi za Magomeni mpaka adhana ya alfajiri,
kidevu chake kikaacha doa kwenye rangi,
doa ambalo Bwana Karmali
alisema linapunguza thamani.

Hewa ya Dar haina huruma na mbao.
Machi gundi hulainika kama ubwabwa,
Julai mbao husinyaa, hulia *tik* usiku,
mama akadhani panya.
Baba alikuwa na dawa zake:
soksi ya mchele mkavu, ivute unyevu,
karafuu tatu za kufukuza fukusi,
na sharti moja: isipite wiki bila kupigwa,
fidla ikinyamaza sana husahau.

Mwaka wa mafuriko, tulipokuwa tukikaa bondeni Jangwani,
alitoka nayo kichwani.
Redio ilibaki. Godoro lilibaki.
Cheti cha ndoa kilibaki.
Mama hakumsemesha wiki mbili.

Nikaipeleka Gerezani kwa Fundi Sikudhani,
anayetengeneza vitanda, viti,
na magitaa ya vijana wa kanisani.
Akaigonga mgongoni kwa kidole,
kama anachagua tikitimaji.
"Karatasi hizi," akasema, "zilichapwa kwa magunia.
Kila kiwanda kilibandika jina la bingwa.
Labda ni yeye. Labda ni kijana wa jirani yake.
Mbao hazisomi karatasi."

Nilitaka kulia. Nilitaka kucheka.
Nikauliza bei ya kuziba ufa.

Akachukua kisu butu cha kupakia siagi,
akakitembeza ukingoni, taratibu, akiisikiliza gundi.
"Gundi ya ngozi," akasema, "hukubali kuachia.
Aliyeiunda alijua kuna siku itafunguliwa.
Usichoweza kukifungua, utakitengenezaje?"

Kifuniko kikainuka na harufu ya stoo.
Kijiti kimoja kikaanguka, unene wa kidole cha mtoto:
miaka yote kilisimama humo
bila gundi, bila msumari,
kwa kubanwa tu, juu na chini.
Nikamkumbuka mama.

Na ubavuni mwa ile karatasi, kwa penseli:

*Nimefungua. Masika, 1968. Ufa wa kushoto. A. Ngwere.*

*Nimefungua. 1981. Nyuzi hakuna dukani,
nimefunga waya wa breki ya baiskeli. Mungu anisamehe.*

*Nimefungua, haina kitu.
Mtoto wa kike jana, Ocean Road. Wote hawajambo.*

Juu ya mwandiko wake, mwandiko mwingine,
na juu ya huo mwingine, umefifia,
herufi ambazo Sikudhani na mimi
tulizigeuzageuza kwenye mwanga wa mlango
tusijue hata zinaanzia upande gani.
Ila tarakimu tulizitambua. Na neno fupi
lililopigiwa mstari mara mbili,
kama mtu aliyekasirika, au aliyefurahi.

Fundi akatoa penseli nyuma ya sikio, akanipa.
Akarudi kwenye kitanda cha watu alichokuwa anakipiga randa.
Simu yangu ilikuwa inaita, Bwana Karmali, mara ya tatu.

Niliandika jina langu, na Jangwani, na mwaka.
*Maji yalifika kiunoni. Haikulowa.*

Kisha nikapokea simu.